Meli Aliyoichagua Prudensia

Kila mwaka, kuanzia Mei mpaka Septemba, mume wa Prudensia alirudi nyumbani akinuka samaki. Hakuwa mvuvi. Ambilikile alikuwa mpakuzi wa mizigo ya ndege katika uwanja wa DFW, Texas, dakika kumi tu kutoka kwenye fleti yao ya Euless, na hiyo ndiyo miezi ambayo samoni wa Alaska walishushwa kwa mamia ya maboksi, wamefunikwa barafu, wakielekea kwenye mahoteli ya Dallas. Kwa miaka kumi na mmoja aliyabeba maboksi hayo bila kuyaangalia mara mbili. Kiangazi cha mwaka 2017 akaanza kuyasoma.

“Mama Abi,” alisema jioni moja, akiwa bado anavua viatu mlangoni, “Petersburg si iko Urusi?”

“Iko Urusi,” alijibu Prudensia kutoka jikoni.

“Basi iko nyingine. Leo nimeshusha maboksi arobaini yameandikwa Petersburg, na ndege imetoka Alaska.”

Mtu mwingine angeendelea kukaanga vitunguu. Prudensia hakuwa mtu wa namna hiyo. Swali likishawekwa mbele yake, hakuweza kulipita bila kuliinua na kuliangalia chini kuna nini. Alizima jiko, akajifuta mikono, akavaa miwani, akamwita binti yao Abigail afungue ramani kwenye kompyuta. Abigail, aliyekuwa mwaka wa pili chuoni, alilalamika kwa Kiingereza kwamba baba ana simu yake mwenyewe, lakini alifungua.

Petersburg ilikuwepo kweli. Ilikuwa nukta ndogo kwenye kisiwa, na kisiwa chenyewe kilikuwa kimoja kati ya visiwa visivyohesabika. Pwani yote ya kule haikunyooka hata kidogo. Ilikatikakatika kama sahani iliyoanguka sakafuni, na katikati ya vipande hivyo maji ya bahari yalipita kwa njia nyembamba, milima huku na milima kule.

“Na barabara iko wapi?” aliuliza Prudensia, akiinamia kioo.

Abigail akasoma, kisha akacheka. “Hakuna. Hata Juneau, mji mkuu wao, hauna barabara ya kuingilia. Watu wanakwenda kwa ndege au kwa meli.”

“Mji mkuu hauna barabara?”

“Ndivyo wanavyosema, Mama.”

Ambilikile alikuwa amesimama nyuma yao na soksi zake. “Kuna meli za kitalii zinapita humo humo,” alisema polepole. “Watu wa kazini wamekwenda. Nikitimiza miaka sitini, ningependa na mimi nikaone wanakotoka hawa samaki.”

Prudensia alinyooka. “Utakwenda, Baba Abi. Mimi utaniletea picha.”

Akarudi kwenye jiko lake. Ambilikile alijua sababu.

Prudensia alizaliwa Bukoba, ukingoni mwa ziwa, na alikuwa na mdogo wake akiitwa Apolonia. Mwezi wa Mei mwaka 1996 Apolonia aliajiriwa kufundisha shule ya msingi Mwanza. Prudensia ndiye aliyemsindikiza bandarini jioni ile, ndiye aliyembebea begi la nguo, na ndiye aliyesukumana na watu mpaka mdogo wake akapata nafasi ya kupanda. Asubuhi iliyofuata meli ilizama, Mwanza ikiwa inaonekana. Katika siku zile za kilio, kilichomchoma Prudensia kuliko yote ni kwamba hakuna aliyeweza kumwambia kwa hakika ni watu wangapi walikuwa ndani ya meli ile. Alisoma kila orodha iliyobandikwa, na jina la Apolonia hakuliona popote. Ilikuwa kana kwamba hakuondoka, na hakuwa amebaki pia.

Tangu siku hiyo hakukanyaga tena chombo cha majini. Ambilikile, mwenyeji wa Tukuyu aliyekuwa akifanya kazi ya stoo Bukoba, alimuoa mwaka uliofuata, na mwaka 2001 wakabahatika katika bahati nasibu ya viza wakahamia Texas na watoto wawili wadogo. Prudensia alisoma, akawa muuguzi katika nyumba ya wazee huko Carrollton, na ajabu ni kwamba msiba ule haukumfanya awe mwoga. Ulimfanya awe muulizaji. Kule kazini alijulikana kwa hilo. Dawa haikupita mkononi mwake kabla hajajua inatoka wapi, inakwenda kwa nani, na nani atathibitisha kwamba imefika.

Kwa hiyo alisema hatakwenda, na alimaanisha. Lakini ile ramani haikutoka kichwani. Wiki moja baadaye alijikuta maktaba ya Euless akiazima kitabu cha picha za pwani ile. Alikisoma saa za chakula cha mchana, kimeegemezwa kwenye bakuli lake la wali. Alisoma kwamba kuna mito ya barafu inayoshuka kutoka milimani, mirefu kuliko umbali wa Euless mpaka Dallas, na kwamba inatembea, ingawa kwa jicho huwezi kuiona ikitembea. Alisoma kwamba barafu ya kale huwa ya buluu. Kwa nini buluu? Kitabu kilieleza kidogo tu, akaazima kingine. Kufikia Krismasi alikuwa anamsimulia mumewe habari za nyangumi wanaokula wakiwa kundi, wakiwazungushia samaki ukuta wa mapovu kama watu wanaotega wavu.

“Kwa mtu asiyekwenda,” alisema Ambilikile, “unajua mengi sana.”

“Kujua siyo kwenda.”

“Sawa. Basi nisaidie kuchagua meli. Mimi nitakwenda peke yangu, lakini wewe ndiye unayejua kuuliza.”

Hapo alimpata. Prudensia alijua amepatikana, na bado alinunua daftari.

Januari 2018 walikwenda Carrollton kwa Lydiah, mama mmoja wa Kenya aliyekuwa wakala wa safari na ofisi yake ndogo pembeni ya duka la nyama. Lydiah aliwapokea vizuri, akawapa chai, akawatandazia vijitabu vya rangi mezani. Meli ya kwanza ilikuwa na ghorofa kumi na sita, kumbi mbili za maonyesho, mabwawa, na nafasi ya abiria elfu nne.

“Hii ndiyo watu wanapenda, Mama,” alisema Lydiah. “Mnaanzia Seattle, mnazunguka siku saba, mnarudi Seattle. Chakula ni masaa yote.”

Prudensia alifungua daftari. “Boti za uokoaji ziko ngapi?”

Lydiah alitabasamu akidhani ni utani. Alipoona kalamu imeshashikwa, akatafuta kwenye kompyuta. Hakupata.

“Kila boti inabeba wangapi? Abiria wakipanda, nani anawahesabu? Na wakishuka kutembea mjini, wakirudi, nani anajua kwamba wamerudi wote?”

“Kila mtu anapewa kadi, Mama. Mashine inaisoma ukitoka na ukiingia.”

“Mashine ikiharibika?”

Ambilikile alikohoa. Lydiah aliweka kikombe chini. Alikuwa mtu wa biashara lakini pia mtu mwenye utu, na alikuwa ameanza kuona kwamba maswali haya yalikuwa na mzizi mahali fulani. “Niachie hayo maswali,” alisema kwa upole. “Nitapiga simu mpaka nipate majibu.”

Na alipata. Baada ya siku tatu alimpigia Prudensia kazini, akamsomea moja baada ya jingine: boti na nafasi zake, mazoezi ya lazima ambayo kila abiria anahudhuria kabla meli haijang’oa nanga, majina yanayopelekwa kwa wakuu wa bandari mapema. Prudensia aliandika yote. Kisha Lydiah akaongeza jambo ambalo hakuulizwa: meli zinazoanzia Seattle hupita nje, bahari kuu, kwa sehemu ya safari, lakini zinazoanzia Vancouver hupita ndani, kati ya visiwa na nchi kavu, ambako maji yametulia.

“Kwa hiyo huko ndani unaona nchi kavu muda wote?”

“Pande zote mbili, karibu muda wote.”

Prudensia alikaa na neno hilo siku nzima. Pande zote mbili. Ziwani kwao, baada ya muda, ulikuwa huoni chochote.

Aprili akaenda Pearland kumtembelea rafiki yake Wacuka. Walifahamiana tangu walipokuwa darasa moja la uuguzi, kabla Wacuka hajahamia kusini na kupata kazi katika hospitali mojawapo ya zile kubwa za Houston. Wacuka alikuwa amepanda meli za kitalii mara tatu kutoka Galveston, na alipenda kuzungumzia chakula cha humo.

“Prude, hiyo meli ni kama mall,” alisema, wameketi sebuleni juu ya zulia jipya lililotandikwa baada ya mafuriko ya kimbunga Harvey. “Unatembea, unakula, unadansi. Hata husikii ati uko kwa maji.”

“Mimi ningetaka kusikia.”

“Si ulisema wewe huendi?”

“Siendi. Ninamchagulia Baba Abi. Kwani hizo meli mtu anaweza kuziona kwa karibu bila kupanda?”

Wacuka hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Asubuhi iliyofuata aliwasha gari, na chini ya saa moja walikuwa Galveston, wamesimama kando ya uzio wa bandari. Meli ilikuwa imetia nanga mbele yao, nyeupe, ndefu, imejaa madirisha, na abiria wakiburuta masanduku kuingia. Prudensia aliinua kichwa mpaka shingo ikamuuma. Alihesabu boti za rangi ya chungwa zilizoning’inia ubavuni: upande ule tu zilikuwa kumi na moja. Alimsogelea mlinzi wa geti akamuuliza kama upande wa pili zipo idadi hiyo hiyo. Mlinzi, mzee mwenye kofia ya majani, alisema zipo, na akamwelekeza namna zinavyoshushwa, kwa mikono yake miwili, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani.

“Umeridhika sasa?” aliuliza Wacuka.

“Nimeridhika kwamba ni salama. Lakini sijaipenda.”

“Kwa nini?”

“Ni kama hospitali yako imelazwa kwa ubavu. Watu elfu nne. Ukikosekana wewe, nani atasema, ‘Wacuka yuko wapi?’ Mashine ndiyo itasema.”

Wacuka akasema twende tule. Lakini mgahawa alioutaka ulikuwa ng’ambo, rasi ya Bolivar, na njia ya kwenda huko ni pantoni ya bure inayobeba magari na watu. Wacuka alikuwa tayari ameingia kwenye foleni ya magari kabla hajakumbuka kwamba mwenzake alikuwa na shida na maji. Alikuwa anajua hilo tu. Sababu hakuwahi kuambiwa.

“Woi, nimesahau. Ngoja nigeuze.”

Prudensia aliangalia mbele. Pantoni ilikuwa imefungua mdomo, magari yakiingia moja moja, na kijana wa kazi akiyapangia mistari. Aliangalia ng’ambo. Bolivar ilionekana, na nyumba zake za miguu mirefu.

“Ni dakika ngapi?”

“Kama kumi na nane.”

“Usigeuze,” alisema.

Pantoni ilipoondoka, alishuka garini kwa sababu kukaa ndani kulimbana kifua. Alishika ukingo kwa mikono miwili. Sakafu ilitetemeka chini ya viatu vyake. Maji yalikuwa ya kahawia, si kama yale ya kwao, na jambo hilo dogo lilimsaidia. Kisha mtoto mmoja akapiga kelele, watu wakakimbilia upande wa kushoto, na Prudensia, ambaye alikuwa ameapa kutosogea, akajikuta amesogea. Pomboo watatu walikuwa wanaruka karibu na pantoni, migongo yao iking’aa.

“Wanafuata nini?” alimuuliza Wacuka.

“Mimi hata sijui. Samaki?”

“Au mawimbi ya meli? Angalia, wanakaa pale pale tu.”

Aliwatazama mpaka walipozama. Ndipo akagundua kwamba ameachia ukingo. Na pale pale, upepo ukimpeperusha mtandio, akamsimulia Wacuka habari za Apolonia: begi la nguo, kusukumana bandarini, orodha. Hakuwa amemsimulia mtu yeyote nchini Marekani isipokuwa mumewe. Wacuka alimshika mkono, hakuuachia mpaka pantoni ilipogonga gati la Bolivar.

“Pole sana, Prude,” alisema hatimaye. “Na mimi nilikuwa nakuambia mambo ya mall.”

Walikula kamba wa kukaanga, wakarudi. Walipofika Galveston, Prudensia alisema, “Turudie tena.” Siku hiyo walivuka mara nne.

Ambilikile alipomfuata kituo cha basi mjini Dallas, aliona usoni pa mkewe kitu ambacho hakuwa amekiona siku nyingi, akajua asiulize. Walikuwa wamefika karibu na nyumbani Prudensia alipoongea.

“Tutakwenda wawili. Lakini siyo meli ile kubwa.”

Ambilikile nusura apite kona. Furaha ilimjaa, kisha wasiwasi ukafuata. Alikuwa ameshaisifia meli ya ghorofa kumi na sita kwa wenzake wote kazini, na zaidi ya hayo aliamini kwamba kwa mtu kama mkewe, chombo kikubwa ndicho cha kumtuliza.

“Ndogo itakutikisa, Mama Abi. Ndogo ndiyo itakukumbusha.”

“Ninayokumbuka ninayakumbuka hata nikiwa kitandani. Nataka meli ambayo naweza kumwona anayeiendesha na nikamjua jina.”

Kwenye moja ya vijitabu vya Lydiah, nyuma kabisa, kulikuwa na picha ya meli ya abiria sabini na wawili. Ilianzia Juneau na kumalizia Sitka, mji mwingine wa pwani ile, ikipita kwenye mikono ya bahari ambako zile kubwa hazingeweza hata kugeuka. Haikuwa na bwawa wala ukumbi wa maonyesho, na jioni ya kwanza hakukuwa na dansi bali mtu wa kuwaeleza habari za nyangumi. Ambilikile aliisoma mara mbili akitafuta raha iko wapi.

Walibishana wiki mbili, kwa heshima, mezani. Ambilikile alisema atachoka kutazama miti. Prudensia alisema mtu aliyezaliwa Tukuyu hachoki kutazama miti. Erick, kijana wao, alipiga simu kutoka chuoni akasema waende wote Las Vegas. Mwishoni Prudensia alisema atapiga simu mwenyewe kwenye kampuni ya ile meli ndogo, na jibu moja litaamua.

Aliyepokea simu alikuwa mwanamke mwenye sauti nzito aliyesema amefanya kazi kwenye meli hizo miaka ishirini kabla ya kukaa ofisini. Prudensia alimuuliza swali lake: watu wakishuka kwenda kutembea porini, wakirudi, mnajuaje kwamba wamerudi wote?

Mwanamke yule alieleza bila haraka. Mlangoni pa meli pana ubao, na kwenye ubao kuna vibati vidogo, kila abiria na chake, kina namba yake. Ukishuka, unakigeuza upande mwekundu. Ukirudi, unakigeuza kwa mkono wako mwenyewe upande mweupe. Mabati yote yasipokuwa meupe, meli haiondoki.

“Hata kama ni moja tu?”

“Hata kama ni moja tu, bibie. Tunatafuta mpaka tupate.”

Prudensia alishukuru, akakata simu. Alikaa mezani akiutazama mkono wake wa kuume, akaugeuza kiganja juu, akaugeuza tena chini.

“Haya,” alimwambia mumewe. “Hiyo.”

Safari za kiangazi cha 2018 zilikuwa zimejaa, kwa hiyo Lydiah aliwaandikisha Juni ya mwaka uliofuata. Prudensia alitumia mwaka mzima kusoma. Aliwajua ndege wa kule kwa majina, aliwasimulia wazee wake wa Carrollton mpaka mmoja wao, bibi wa miaka tisini, akawa anamuuliza kila asubuhi leo amejifunza nini.

Walipanda meli Juneau siku ya mvua nyembamba, mvua ambayo Ambilikile aliitazama kwa mapenzi na kusema, “Hii naijua. Hii ni ya nyumbani kabisa.” Nahodha alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Karen, aliyesimama mlangoni akimpa mkono kila abiria. Prudensia alimpa mkono, akamwambia jina lake polepole ili lishikwe, na Karen akalirudia sawasawa. Kibati chake kilikuwa namba thelathini na moja.

Siku ya kwanza hakuthubutu kukaa chumbani. Alikaa sitahani kwenye kiti, amefungwa makoti mawili, akitazama ukingo wa kushoto na wa kulia. Kulikuwa na ardhi pande zote mbili, kama alivyoambiwa. Siku ya pili waliingia katika mkono wa bahari uliobanwa na kuta za mawe, maporomoko ya maji yakishuka kama nyuzi, na mwishoni kabisa pakawa na mto wa barafu. Ulikuwa wa buluu kweli. Nahodha alizima injini. Katika ukimya ule wakasikia barafu ikilia yenyewe kwa ndani, mlio kama wa ubao mkavu unaovunjwa, kisha ukuta mzima ukamomonyoka na kuanguka majini. Sauti ilichelewa kuwafikia.

“Umeona?” Prudensia alimvuta mumewe mkono. “Imeanguka kwanza, mlio umekuja baadaye. Kwa hiyo tuko mbali kuliko tunavyodhani. Mita ngapi? Nenda kamuulize.”

“Kamuulize wewe, mwenye daftari ni nani?”

Akaenda kumuuliza. Karen alimpigia hesabu kwenye karatasi.

Siku ya nne walitia nanga kwenye kisiwa kisicho na watu, wakashushwa kwa boti ndogo kutembea msituni. Prudensia alirudi miongoni mwa wa kwanza, akageuza namba thelathini na moja ikawa nyeupe, akasimama karibu na ubao kama alivyozoea, akiwatazama wengine wakigeuza. Saa ya kuondoka ilifika. Ubao wote ulikuwa mweupe isipokuwa bati moja, namba thelathini na mbili. Ilikuwa ya Ambilikile.

Alinyoosha kidole kwenye bati lile. Baharia wa zamu alimwona, akamketisha, akasema kitu kwenye redio. Papo hapo kila kitu kilibadilika. Boti mbili zilirudi ufukweni. Watu wawili wa kazi wakaanza kupita chumba kwa chumba. Karen alishuka mwenyewe kutoka juu, akapiga magoti mbele ya Prudensia, akamwambia, “Hatuendi popote bila yeye.” Abiria waliacha chai zao wakasimama ukingoni, wengine na darubini, wakikagua miti. Wageni kabisa walikuwa wanaita, kwa namna zao mbalimbali zilizopinda, “Ambilikile! Ambilikile!”

Dakika kumi na mbili baadaye alipatikana. Alikuwa jikoni, amevaa aproni, anakwangua magamba ya samoni pamoja na mpishi. Alikuwa amerudi na boti ya kwanza kabisa, akanusa samaki, akapitiliza moja kwa moja kufuata harufu bila kukumbuka ubao. Alipoletwa sitahani, kisu kingali mkononi, watu sabini walipiga makofi.

Prudensia hakupiga makofi. Alimtazama mumewe, akacheka, na kicheko kikageuka kilio kikubwa kilichomtoka tumboni, kilio ambacho hakuwahi kukilia vile hata miaka ile ya Bukoba. Ambilikile alimkumbatia na aproni yake ya magamba.

“Nisamehe, Mama Abi. Nisamehe. Nilisahau.”

“Walisimama,” alisema Prudensia kifuani kwake. “Umeona? Meli nzima ilisimama.”

Kisha akamsukuma mbele ya ubao, na mbele ya wote Ambilikile akageuza bati lake. Injini zikawaka.

Siku zilizobaki alizifurahia kama mtu aliyetua mzigo. Aliona nyangumi wakizungusha ukuta wa mapovu, jambo ambalo Karen alisema wasafiri wengi hawabahatiki kuliona, na akalieleza kwa wenzake kabla mtaalamu wa meli hajafungua mdomo. Petersburg walitembea kiwandani wanakopakiwa samaki, na Ambilikile akapeana mikono na wapakiaji, akiwaambia kwamba yeye ndiye anayepokea kule upande wa pili. Siku moja kabla ya Sitka watu walialikwa kupanda mitumbwi myembamba ya kupiga kasia. Prudensia alivaa jaketi la uokoaji, akafika mpaka ngazi ya chini, akaangalia maji yalivyo safi mpaka mawe ya chini yanaonekana, akarudi.

“Ni maji ya baridi tu, au unaogopa?” aliuliza Ambilikile.

“Sijui kuogelea,” alijibu, kana kwamba ndiyo kwanza anagundua. “Nimezaliwa ziwani, nina miaka hamsini na mbili, na sijui kuogelea. Kwa nini sikujifunza?”

Swali hilo alirudi nalo Texas. Septemba alijiandikisha kwenye bwawa la ndani karibu na Euless, darasa la watu wazima, mara mbili kwa wiki baada ya zamu. Mwalimu alikuwa msichana wa Kenya aitwaye Everline, mwembamba na mvumilivu, aliyemwita Mama na kumshika kichwa kisizame. Mwezi wa kwanza alijifunza kupuliza mapovu tu. Mwezi wa pili alielea. Alikunywa maji mengi, alikasirika mara kadhaa, na mara moja aliondoka katikati ya somo akakaa garini nusu saa kabla ya kurudi.

Jumamosi moja ya Januari 2020 aliachia ukuta, akapiga miguu, akapiga mikono, na akaendelea kupiga mpaka vidole vyake vikagusa vigae vya upande wa pili. Aliinuka akihema, maji yakimtiririka usoni, na Everline akimshangilia kutoka ng’ambo.

Prudensia alivuta pumzi mara mbili tatu. Kisha akaelekeza kidole kule mwisho wa bwawa, ambako rangi ya maji ilikuwa imekolea.

“Na kule,” aliuliza, “kina chake ni futi ngapi?”